Kayanza Haiitiki

Kila siku mchana, watu wakishatoka kwenda kula, Kayanza ilikuwa inakufa. Siyo mji wenyewe, maana mji ulikuwa palepale milimani na vita vyake. Iliyokufa ni Kayanza ya Anouar Massoudi, na hiyo haikuwa na barabara wala soko. Ilikuwa kompyuta isiyo na umbo, imo ndani ya kompyuta nyingine.

Kompyuta hiyo kubwa ilifungiwa katika chumba kidogo mwisho wa ukumbi, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya vyakula. Ndani yake Anouar alikuwa ametengeneza kompyuta za kubuni ambazo huwezi kuzigusa wala kuzipangusa vumbi. Ni programu tu zinazojifanya kompyuta, lakini zinaamka, zinafanya kazi na kulala kama kompyuta za kweli. Wenye fani huziita kompyuta pepe. Yeye alizipa majina ya matawi ya chama kimoja cha kuweka na kukopa ambacho ofisi yao ilikuwa inakitengenezea programu: Gitega, Rumonge, Muyinga, Kayanza na wenzao. Saa sita ikifika jaribio linajiendesha lenyewe. Linaamsha tawi la kwanza, linaweka akiba ya uongo, linaitoa, linatuma hesabu makao makuu, halafu linahamia tawi la pili. Mambo yakienda sawa skrini inaandika kwa kijani. Yakiharibika, nyekundu.

Mwanzoni matawi yale yalipewa namba zao za mtandao hovyohovyo, kila yanapoamka namba mpya. Umeme ukikatika, na katika Bujumbura ya mwaka 2004 umeme ulikatika kama una ugomvi na mtu, yaliamka yamebadilishana namba, na jaribio likaenda kubisha Rumonge likidhani limefika Gitega. Anouar akaamua kulipa kila tawi namba yake ya kudumu, akaiandika ndani ya tawi lenyewe, umeme ukatike usikatike. Kabla ya kuzigawa, aliziita namba moja moja kwenye mtandao wa ofisi kama mwalimu anavyoita majina darasani. Iliyoitika ilikuwa na mwenyewe, akaiacha. Iliyonyamaza akaihesabu kuwa haina mtu, akaichukua.

Ni kazi safi, na yeyote angeifanya hivyohivyo. Lakini tangu siku ile matawi yote yalikuwa yanapita isipokuwa Kayanza. Anarudi kutoka kuswali na kula, anakuta mstari mwekundu: Kayanza haiitiki. Anaendesha jaribio tena alasiri, Kayanza inaitika bila kinyongo, kama mtoto anayemfanyia mama yake vituko na kutulia mgeni akiingia. Kesho yake mchana, nyekundu tena.

Jambo hilo lilimnyima raha kwa sababu Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa mwisho wa muda wake wa majaribio. Akipita, anaandikwa kazi. Asipopita, anafunga mzigo na kurudi Kigoma kwa mama yake, akubali mbele ya ukoo mzima kwamba mama hakukosea aliposema, "Mwanangu, unarudi kwa nani?" Familia yao ilikimbilia Kigoma yeye akiwa kijana mdogo. Mazungumzo ya amani yalipoanza kunukia, Anouar, aliyekwisha kusomea kompyuta Dar es Salaam, alipanda gari peke yake akarudi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikozaliwa. Aliowaacha hawakuwepo. Aliowakuta hawakumjua. Alipanga chumba kwenye ua wenye milango mingi, na kila asubuhi majirani walimwambia "Salaam aleikum", naye akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo hadi kesho. Buyenzi nzima inapiga kelele kuanzia alfajiri, nyundo za mafundi, redio, watoto wa madrasa, na katikati ya kelele zote hizo hakuna aliyekuwa anamwita jina. Upweke wa namna ile ni mbaya kuliko wa porini. Porini angalau hutarajii mtu.

Kwa hiyo aliing'ang'ania ofisi. Nako, lakini, hakuwa na bahati kubwa. Ilikuwa ofisi ndogo, na ilikuwa na msiba. Aliyekuwa kwenye kazi yake, Marcellin, aliuawa na bomu njiani mwaka uliopita, mwezi wa saba, mji ulipokuwa unapigwa kutoka milimani. Marcellin alikuwa mtoto wa dada yake Valéry, mwenye ofisi. Na desturi ya watu wa pale inajulikana: mpaka matanga yaondolewe, levée kama wanavyosema wenyewe, vitu vya marehemu havigawanywi wala havihamishwi. Valéry mwenyewe aliifunika kompyuta ya mpwa wake kwa kitenge, akaufunga mlango wa chumba chake, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyekitaja chumba wala kompyuta. Anouar alipouliza, kabla ya kugawa namba, kama kuna mashine nyingine zaidi ya zile anazoziona, Valéry alisema, "Zote ni izo." Hakusema uongo kwa nia mbaya. Mdomo wake ulikataa tu.

Watu wengine walimtendea Anouar kwa adabu ya kumtendea mtu aliyekaa kwenye kiti cha maiti. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyemkaribisha. Wa karibu yake alikuwa Odette, karani, mwanamke wa mtaa wa Kinama, mpole, mwenye vidole vyepesi kwenye kibodi kuliko mtu yeyote pale. Odette alimwambia bonjour asubuhi na à demain jioni, na katikati ya hayo mawili hakumpa neno.

Jumatano Valéry alimwita.

"Kijana, iyo Kayanza yako inasema nini?"

"Bado, patron. Midi, saa sita, inakufa, nikirudi inapona."

"Inapona! Watu wa chama wataweka makuta yao mule, pesa zao zote. Mi nitawaambia nini, kwamba Kayanza inaendaga kula midi?" Alivua miwani, akajifuta uso. Alikuwa mtu mwenye haki ila mkavu, na mwaka ule ulikuwa umemkausha zaidi. "Vendredi. Ijumaa ikifika iko rouge, nyekundu ile, mi na we tunaachana vizuri, bila makelele."

Alhamisi Anouar hakutoka. Aliomba Mungu amsamehe kuchelewesha swala, akajifungia stoo na ile kompyuta kubwa inayonguruma, akakaa mbele ya skrini ya Kayanza kama mlinzi. Ofisi ilitulia. Viatu vya mwisho vilishuka ngazi. Nje jua la kiangazi lilikuwa limekimwagia kila kitu rangi ya vumbi. Jaribio likaamka, likaipitia Gitega, kijani. Rumonge, kijani. Muyinga, kijani. Likaamsha Kayanza, na Kayanza ikafungua jicho, ikatangaza namba yake kama ilivyofundishwa, halafu ikaandika ujumbe ambao hakuwahi kuuona, kwa sababu kila siku jaribio lilikuwa linaizima kabla hajarudi: namba hii tayari inatumiwa na mashine nyingine katika mtandao huu.

Mashine ipi? Aliiita ile namba. Ikaitika.

Aliyemjibu hakuwa Kayanza, maana Kayanza ilikuwa imekaa kimya mbele yake. Kuna mwingine ndani ya nyumba aliyekuwa na namba ileile, na alikuwa macho. Akageuka kwenye kile kisanduku ukutani ambapo nyaya zote za ofisi zinakutana, kila waya na taa yake. Taa moja ambayo hakuwahi kuiona ikiwaka ilikuwa inapepesa. Akaushika waya wake kwa vidole, akaufuata. Ulitoka stoo, ukapita chini ya ukuta wa ukumbi, ukazunguka nyuma ya kabati, ukaingia chini ya mlango wa chumba cha Marcellin. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulikuwa umerudishwa tu.

Alipousukuma alimkuta Odette ameketi mbele ya kompyuta ya marehemu. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri mapajani. Bakuli lake la wali na maharage lilikuwa mezani, halijaguswa. Na kwenye skrini, maneno makubwa ya buluu yalikuwa yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto, yanapotea ukingoni, yanatokea tena, kwa mtindo ule ambao watu huweka ili kompyuta iseme neno mwenyewe asipokuwepo: *Nimeenda kukula. Nakuya sasa ivi.*

Odette hakushtuka. Labda mwaka mzima alikuwa anamngojea mtu wa kumkuta.

"Funga mulango," alisema.

Anouar akafunga.

"Marcellin aliandika siku ile ile ya bomu. Mi nilikuwa pale mulangoni, namuambia tuende wote. Akasema ngoja, niandike kwanza, patron asinitafute." Alikuwa anazungumza na skrini. "Nikakataa kumungojea. Nilikuwa na njaa. Nikatangulia."

Anouar alikuwa amekuja kukamata kosa la namba tu.

"Tulikuwa tuoane," Odette akaendelea. "Kwao ni Nyakabiga, kwetu Kinama. We unajua maana yake." Anouar alijua. Miaka ile Nyakabiga ya Watutsi na Kinama ya Wahutu zilikuwa katika mji mmoja kwenye ramani tu. Mtu wa huku aliyeingia kule hakuwa na hakika ya kutoka, na waliozikwa pande zote mbili walikuwa hawajasahauliwa. "Tulisema tungoje amani, ndiyo tuwaambie. Basi hakuna anayejua. Siku ya kuzika nilisimama nyuma na watu wa bureau, wa hapa kazini. Mama yake alinipa mukono kama anavyowapa watu wote, akaniambia asante kuya."

Akafunua bakuli, akalifunika tena.

"Midi ndiyo saa yangu naye. Naiwasha, nakula kidogo, nazima, nafunika. Sikuharibu kitu, Anouar. Nimeharibu?"

Hapo ndipo Anouar alipoelewa yote kwa mpigo. Siku alipokuwa anaita namba, mashine hii ilikuwa imezimwa na kufunikwa, na kilichozimwa hakiitiki. Alikuwa ameichukua namba ya Marcellin akaipa Kayanza. Na kila mchana mwanamke huyu alipomwamsha mtu wake, Kayanza ilikuta kiti kimekaliwa.

"Apana, dada Odette," alisema. "Hujaharibu kitu."

Njia nyepesi ilikuwepo: kuuchomoa waya. Maneno yangeendelea kutembea bila mtandao. Aliinama hata akaushika. Lakini waya ule uliingizwa na mkono wa Marcellin, na Odette alikuwa anautazama mkono wa Anouar, naye akauachia waya. Alirudi stoo, akashinda alasiri yote akiitafutia Kayanza namba nyingine, mbali na zile za ofisi, akaibadilisha ndani ya tawi lenyewe na kila mahali jaribio lilipoitaja. Alipomaliza ilimbidi atembee mbio kufika Buyenzi kabla amri ya kutotembea usiku haijawatoa watu barabarani. Chumbani alikula mkate mkavu kwa chai, peke yake, na kwa mara ya kwanza alimwonea wivu maiti, ambaye angalau alikuwa na mtu wa kula naye. Akausukuma mkate kando kwa aibu ya wazo hilo.

Ijumaa jaribio lilipita lote, kijani juu hadi chini, wakati taa ya chumba cha Marcellin ikiwa inapepesa kama kawaida yake. Valéry alilitazama mwenyewe aliporudi, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza swali ambalo Anouar alikuwa anaomba lisiulizwe.

"Sasa, ilikuwa nini?"

"Namba, patron. Nilitoa namba moja kwa mashine mbili."

"Mashine gani na gani?"

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Kibodi ya Odette ilikuwa imenyamaza. Kusema ukweli kulikuwa ni maneno machache tu, na kazi ilikuwa yake. Angekaa katika mji wake, angemwandikia mama yake barua ya kutamba.

"Kayanza na Muyinga. Ni kosa langu. Sikuangalia."

Usoni mwa Valéry kile kidogo kilichokuwa kimelegea kikakaza tena. "Matawi mawili, namba moja, majuma yote ayo, na we huoni? Kijana, ningesikia ni courant, umeme, ni machine ya zamani, ni nini, ningeelewa. Lakini mutu wa kutoangalia, mi siwezi kumuachia akiba ya watu." Alisema kwa huzuni, na huzuni ile iliuma kuliko makelele. "Odette! Andika barua ya Anouar ya kuacha kazi. Andika vizuri, hajaiba kitu."

Anouar alirudi stoo kukusanya vitu vyake. Havikuwa vingi. Alisikia kibodi ikianza, tap tap tap, ule mwendo wake mwepesi, akafikiri: anaandika. Moyo ulimwuma, na hakuweza hata kumlaumu. Alikuwa amemfichia siri yake, na siri inayofichwa haina budi kubaki imefichwa. Halafu kibodi ikanyamaza. Kiti kikaburuzwa. Viatu vya Odette vikapita mlango wa stoo bila kusimama, vikaingia kwa Valéry.

"Patron, siandiki iyi barua."

"Nini?"

"Amesema uongo. Ilikuwa mashine ya Marcellin. Ni mi nilikuwa naiwasha, kila midi. Namba ni yake, ya Marcellin, Anouar hakuambiwa." Aliendelea bila kumsubiri. "Unakumbuka mwaka jana ulinipa niandike tangazo la redio? La kifo? Niliandika mama yake, niliandika baba yake, niliandika we mujomba wake, ndugu zake wote, marafiki. Mikono yangu ndiyo iliandika. Na leo nimeandika la levée ya kesho, liko pale juu ya meza, saa kumi linaenda redio. Nimeandika watu wote tena. Mi sipo, patron. Mi nilikuwa bibi yake, tungeoana, na sipo pahali popote."

Kule stoo Anouar alikuwa amesimama na sweta mkononi. Alichosikia kutoka kwa Valéry kilikuwa pumzi ya mwanamume mzima anayejaribu kutolia mbele ya watu wake.

"Wa Kinama," Valéry akasema hatimaye. Haikuwa dharau. Alikuwa kama anajisomea jambo alilolikosea hesabu.

"Wa Kinama," Odette akajibu.

Baadaye Valéry alitokea ukumbini. Macho yalikuwa mekundu. Alimwona Anouar na mfuko wake. "Nenda nyumbani," alisema, akarudi ndani na kufunga mlango. Basi. Nenda nyumbani ya mtu anayesamehewa, au nenda nyumbani ya mtu aliyefukuzwa? Anouar aliyapima maneno hayo mawili njia nzima hadi Buyenzi na hayakumwambia kitu.

Jioni aliketi kitandani, begi limefunguliwa nusu, hajui kama anapanga au anapangua. Aliwasha redio ili chumba kisiwe kimya. Habari zikapita: mkutano, makubaliano, waliouawa barabarani kuelekea Buterere. Kisha matangazo ya misiba, ambayo Bujumbura nzima huyasikiliza kwa shingo upande, kila mtu akiogopa jina. Msomaji alikuwa na sauti ya kuchoka. Akasoma moja, akasoma la pili. Halafu akasema jina la Marcellin.

Mama yake wa Nyakabiga, baba yake, mjomba wake Valéry, ndugu zake wote wanawatangazia jamaa na marafiki kwamba kesho wataondoa matanga ya mtoto wao mpendwa. Msomaji akameza mate, akaendelea. *Mchumba wake, Odette, wa Kinama.* Anouar akasimama. Msomaji hakujua amesema nini, alikuwa anasoma karatasi tu, lakini katika nyumba ngapi mjini, usiku ule unapoingia, watu waliangaliana? *Na wafanyakazi wenzake,* akataja mmoja mmoja, *na Anouar Massoudi.* Kisha akahamia msiba mwingine.

Jina lake. Mtu alikuwa amelitamka mbele ya mji wote, na aliyeliweka pale vidole vyake alivijua, na karatasi ile isingetoka ofisini bila Valéry kuiona. Hakuwahi kumwona Marcellin hata siku moja. Alifungua mlango akatoka uani kwa sababu chumba kilikuwa hakimtoshi, na ilikuwa lazima amwambie mtu, mtu yeyote. Kwenye mlango wa jirani fundi Hamissi alikuwa ameketi ananawa mafuta ya gari mikononi, redio yake nayo imewashwa, stesheni ileile.

Hamissi aliinua macho. "Anouar Massoudi ni we?"

"Ni mimi."

"Yaani umefiwa? Mwaka mzima, na tunakaa mulango kwa mulango? Na nani?"

Anouar alitaka kueleza, ya namba, ya Kayanza, ya taa iliyopepesa. Akaona ni hadithi ndefu, na jibu ni fupi.

"Mwenzetu wa kazini," alisema.

Hamissi alifuta mikono kwenye suruali, akasimama, akamshika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Pole."

Jibu la pole kila mtoto wa Buyenzi analijua, mtu husema tushapoa. Anouar alifungua mdomo alitoe, likakataa kutoka, na machozi yakatangulia.